Maji ya Watachoka

Mbwa nilimpa jina kwa ajili ya majirani,
mwaka ule Chilumba alipoondoka na pikipiki yetu
na ua wangu ukaota masikio kuliko majani.
Watachoka! namwita alfajiri, kwa sauti,
na anayehusika anasikia.

Juni hii, umande haujakauka,
mdogo wangu Nalinga kabeba pampu mgongoni,
inanguruma, inatema salfa juu ya mikorosho:
wingu la manjano, harufu ya yai viza.
Sisi tumejifunga khanga puani. Mbwa hana khanga.
Alifukuza panya buku hadi katikati ya wingu
akatoka akijigonga kwenye mashina,
jicho la kushoto limefumba, linachuruzika,
na mguu wa mbele unalikwangua, unalikwangua,
kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli.

Nikamkalia. Ndiyo, nikamkalia,
mguu nikaubana kwa goti,
nikafungua dumu letu la kunywa.

Nalinga akazima pampu ili anishangae vizuri.
"Dada, haya ni maji ya Newala. Ndoo mia tano, na foleni."
Naijua foleni. Foleni ni mimi.
Nikamimina polepole, kutoka pembe ya pua kwenda nje,
kikombe, kikombe tena,
hadi jicho likachungulia, jekundu kama bibo,
na ule utando wa pembeni, walionao mbwa sisi hatuna,
ukipanda na kushuka,
pazia la nyumba yenye mgonjwa.

Nyumbani dawa zilifika kabla yetu.
Bi Somoe: tafuna tumbaku, mtemee.
Mama Nampoto: matone yaliyobaki ya mwanawe,
chupa imebanduka hata jina.
Nikasema ahsanteni,
nikavipanga dirishani vitibiane vyenyewe.

Saa tisa akaja afisa mifugo kutoka Kitangari,
Tekla, binti mwembamba, buti kubwa kuliko safari yake.
Akadondosha tone la rangi, akawasha tochi,
na kwenye kioo cha jicho ukang'aa mstari wa kijani
kama ufa wa kikombe cha udongo.
"Amejikwaruza. Lakini salfa uliitoa wewe, palepale.
Ungeyaonea maji huruma, ungefuga kipofu."
Mafuta ya jicho, mara tatu kwa siku, siku saba,
na asijikune.
Ndoo yangu iliyopasuka akaikata kitako,
akamvisha shingoni.

Sasa Watachoka anatembea kijijini amevaa ndoo.
Anagonga milango ya watu, anakwama kwenye uzio,
watoto nyuma yake wanapiga makofi.
Mtaa mzima unacheka, na mimi nacheka nao,
mara ya kwanza tangu ile pikipiki.

Usiku namvua ndoo nimpake dawa.
Ufa umebaki uzi. Ulimi wake unapita mkononi mwangu,
na Bi Somoe, ng'ambo ya ua, anakohoa:
mara saba, mwanangu, moja kwa udongo.
Saba. Maji mengine hayo.

Nalinga hajasema neno tangu shambani.
Asubuhi nimekuta dumu mlangoni, limejaa hadi shingo,
na ubavuni, kwa mkaa, mwandiko wake wa kulala chali:
LA JICHO.