Namba Sitini na Tatu

Nilikuwa mpanga chapa huko Salamanca,
vidole vyeusi kwa risasi na wino,
siku Doña Casilda Berrueco aliponiletea
kazi ya umri wake ndani ya masanduku ya viatu.
Hakuwa na cheo. Chuo kilimvua
mwaka ule vita vilipokwisha, pasipo barua,
kisha kwa miaka ishirini akapanga vitabu vya wengine
katika maktaba isiyo na jiko,
glavu zimekatwa ncha ili kalamu ishikike.

Kabla ya hapo alikuwa na baiskeli.
Vijiji sabini na kimoja, maswali mia nne:
Yule mdudu mwekundu mwenye madoa, mnamwitaje?
Na moshi unaorudi ndani?
Na mtoto aliyezaliwa wa mwisho?
Walimdhania mtoza kodi, wakaficha kuku.
Ajuza wa Riofresno alimwonea huruma:
"Maskini, umesoma kote huko
na jina la kijiko hukufunzwa?"
Akacheka. Akaandika jina la kijiko.

Sisemi alikuwa malaika.
Alinuka kafuri, aligombea kila mkato,
na malipo ya mwisho ananidai Mungu, si yeye.

Basi ukurasa wa popo.
Kihispania cha shule husema *murciélago*,
lakini karatasi yake ilisema *murciégalo*,
nami, kwa wema wangu, nikazihamisha herufi,
nikalala usingizi wa mtu aliyetenda haki.

Alikuja kwa basi la alfajiri, mvua mabegani.
"Umemfuta mtu," akasema, akavuta kiti.
Mtu huyo ni Eutimio, mchunga kondoo wa Valdecierva.
Alipolitamka neno aliuficha mkono chini ya blanketi,
maana mwalimu aliwahi kuuchapa kwa neno hilohilo,
naye sasa ana miaka sitini, na mwalimu kaburini.
"Ni panya kipofu," akaniambia, "tangu Kilatini.
Karne nzima na nyingine lilitembea hivyo.
Kisha mji ukajikwaa ulimi,
ukapindua herufi mbili,
na kujikwaa kwake ukakupa shahada.
Eutimio hakukosea.
Eutimio hakuwa na habari."

Nikachukua koleo, nikang'oa L, nikarudisha G.
Sauti yake juu ya bati: tik.
Alisubiri mpaka akaisikia.

Ramani ndiyo iliyotushinda.
Kila kijiji kilikuwa na nukta na namba,
na sitini na tatu haikuwa na ardhi.
Bwawa la umeme lilikwisha kuinywa Valdecierva,
nyumba, tanuri, zizi, na yale makaburi;
mwezi wa Septemba, ukame ukizidi,
hutokeza kichwa cha mnara wa kanisa.
Eutimio walimpeleka Bilbao, ghorofa ya tano.
Doña Casilda aliandika barua tatu.
Jibu likaja moja, la mwanawe:
*Baba siku hizi hasemi sana.*

Nikamshauri tuiondoe.
Msomaji atadhani tumekosea, nikasema,
namba inaelea ziwani kama ganda la yai.
Au tuisogeze kidogo ukingoni,
milimita mbili, nani atapima?

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sketi
muda mrefu kuliko vumbi lilivyohitaji.
"Nilipouliza," akasema, "nilikuwa nimesimama wapi?"

Sikumjibu. Kuna maswali
ambayo mtu huyajibu kwa mikono.

Alikufa majira ya baridi, juzuu la pili likiwa bado kwenye fremu.
Magazeti yaliandika mistari minne,
na jina la ukoo wakalikosea, R moja.

Ninayo nakala hapa, mgongo umeachia.
Wajukuu hufungua ramani kutafuta bahari,
hawaioni, mkoa wetu hauna.
Wanachokiona ni ziwa la samawati, jembamba kama kiatu,
na katikati yake, kwa chapa ya nukta sita,
namba niliyoiweka mwenyewe.

Imesimama majini tangu siku ile.
Haijalowa.