Chini ya Mlango

Chiatura, mwezi wa Machi. Theluji imechanganyika
na vumbi jeusi la manganizi.
Daktari Tsiala anampaka Lasha jeli baridi kifuani,
miaka saba, mbavu zahesabika,
na baba yake, Avtandil, hajui aiweke wapi kofia.

"Vali yenyewe nzima," anasema daktari.
"Mlango hauna kosa. Njia inabanwa kabla ya kuufikia."

Avtandil ameyaona hayo. Miaka kumi na tisa chini ya mlima,
anajua handaki halizibi kwa namna moja.
"Limebanwa na nini?"
kama anayemuuliza msimamizi wa zamu.

Huenda ni utando, ukingo wa nyama ngumu
ulioota kama pete, polepole, damu ikiusugua
tangu mtoto hajajua kutambaa.
(Chokaa, anawaza Avtandil. Tone kwa tone mdomoni mwa bomba.)
Huenda ni ukuta wa kati, msuli ulionenepa
ukavimbia ndani; huo hufuata ukoo,
itabidi nikupime na wewe.
Huenda njia nzima ilizaliwa nyembamba.
Huenda uzi wa vali jirani umejishikiza pasipo pake.
Wengine huwatokea baada ya upasuaji, kovu likafanya lake,
lakini Lasha hajaguswa na kisu.

Huenda, huenda. Anazihesabu kwa vidole vyenye kucha nyeusi,
na vidole vinabaki.

Lake hajalisema:
lile vumbi. Nguo zake za kazi
zilizofuliwa beseni moja na nepi.
Na Eteri, mimba ya miezi minne, akipanda ngazi mia mbili
siku zile gari la waya lilipokwama juu ya mto.

Mwishowe anauliza, kofia ikisokotwa.
Daktari hakimbilii kusema hapana.
Anafuta jeli kwanza.
"Kwa nini pete huota kwa huyu, isiote kwa yule,
hatujui. Lakini beseni
silioni kwenye picha hii."

Kiooni damu inafika penye wembamba, rangi zinavurugika,
nyekundu, buluu, njano,
wachimbaji wote wakitokea lango moja.

Lasha anageuza shingo. "Huo ni moyo wangu?"
"Ndio."
"Mbona unapiga kelele?"

"Unasukuma," baba anasema.
Kisha, bila kuambiwa,
anafungua vifungo vya shati
na kungoja kitanda.