Kumbukumbu za Kikao, Bandari ya Moji

Mshauri alikuja kwa ndege ya kwanza kutoka Tokyo,
viatu vyake havijaujua bado upepo wa mlangobahari.
Akapanga mezani karatasi nane nyekundu,
kila moja, alisema, ni nyekundu ya tofali tofauti.
"Mji ni kama sabuni:
mtu asipoikumbuka harufu, hanunui mara ya pili."
Mimi ni karani. Nikaandika: sabuni.

Alitaka neno moja.
Neno ambalo mgeni atalibeba begani
kama mfuko wa zawadi, mpaka kwao.

Bi Orie wa mgahawa akasema: wali wa bizari
uliookwa, jibini juu, yai katikati.
Hilo si neno, wakamwambia, hicho ni chakula.
Bwana Nukaga wa feri akasema: dakika tano.
Dakika tano tu umeshavuka, uko Shimonoseki,
na maji haya hubadili nia mara nne kwa siku.
Mshauri alitabasamu. Hakuandika.

Mtu mmoja nyuma, hakutaja jina, akasema:
makaa ya mawe.
Mama yake aliyapandisha melini kwa kapu,
ngazi baada ya ngazi, mtoto mgongoni,
akirudi jioni, yanayoonekana ni meno tu.
Kimya kikaketi nasi, kikanywa chai.
"Nyeusi," alisema mshauri kwa upole,
"haikai vizuri kwenye sahani za ukumbusho."

Wakachagua ndizi.

Si uongo. Zilikuja kutoka Taiwan zikiwa kijani,
na zilizoivia njiani hazikuweza kungoja treni:
zilinadiwa palepale, fimbo ikigonga meza.
Tokumaru, aliyerithi mnada kwa mjomba wake,
akaombwa aonyeshe. Akasimama, akayasahau magoti:

   Chane hili litazame, kesho hapa halifiki,
   Maganda na yalalame, utamu hauchubuki,
   Mia tatu isimame, nashuka na sianguki,
   Mwenye njaa na aseme —

pumzi ikamwishia katikati ya mshororo.
Tukapiga makofi. Mshauri alipiga kuliko wote,
na nadhani, kwa mara ya kwanza, hakuwa kazini.

Nilitaka kuinua mkono.
Karani hainui mkono; mkono wake umeshikwa na kalamu.
Ningesema: na lile birika la zege karibu na gati?
Farasi waliofunguliwa plau mashambani
walipangwa pale wanywe, kabla ya meli ya vita.
Wakanywa. Wakapakiwa.
Hakuna aliyekatiwa tiketi ya kurudi.
Kwa kina mama yangu alichukuliwa mmoja, jike, mwenye doa usoni.
Tulibaki na hatamu. Ipo msumarini hadi leo,
na ngozi yake imekauka kama neno lisilotamkwa.

Ajenda ya mwisho: mengineyo. Hakukuwa na mengineyo.
Niliandika hivyo mwenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi ya uzinduzi jua halikuwa na adabu.
Ndizi la mita mbili lilipunga mkono mbele ya stesheni,
watoto wakalikumbatia, kamera zikalia.
Saa nane nililikuta limeketi ukingoni mwa birika,
kichwa kimewekwa kando kama helmeti ya pikipiki.
Ndani yake kijana Haruomi, mwanafunzi wa uundaji meli,
shingo imeiva.
"Hapa pana kivuli," alisema, kama anaomba radhi.
Akajimiminia chupa ya maji utosini;
yakateleza kwenye mgongo wa njano,
yakaanguka birikani, yakatulia,
kina cha kidole kimoja.

"Hiki kilikuwa cha nini?" akauliza.

Nikaketi. Meli ya makontena ilikuwa inapita,
ndefu, ikiiziba Shimonoseki yote.
Nikangoja imalizike.
Nikaanzia kwenye hatamu.