Mtandao Unapumua

Waliniambia saa tatu kamili.
Saa tatu kamili nilikuwa Bugolobi, ghorofa ya tano,
kompyuta mapajani, ile iliyong'oka herufi K.
Nikiihitaji K, naiokota kwenye neno jingine, naibandika.
Saa tano na nusu wakaniletea maji.
Yalikuwa baridi. Hilo nalisifu.

Huu ulikuwa usaili wa nne.
Wa kwanza, simu: binti aliyelitafuna jina langu
kama gegedu, On-do-ma, On-do-ma,
kisha akauliza kama Arua kuna umeme.
Wa pili, maumbo: pembetatu ipi huifuata pembetatu ipi.
Wa tatu, kazi ya nyumbani.
"Mfumo mdogo tu. Mkulima wa kahawa apate malipo yake
hata mtandao ukizimika. Siku saba. Ni zoezi."

Siku saba nilikesha kwa dada yangu Ezaru.
Umeme ukikatika nabeba waya hadi kwa fundi cherehani mwenye sola,
tunapokezana: yeye redio, mimi kompyuta.
Mistari elfu mbili na mia nne.
Usiku wa mwisho, vidole vimechoka kubandika,
nikamkumbuka mama,
ambaye simu ikinyamaza huapa kwamba ameibiwa.
Basi pale wenzangu wanapoandika HITILAFU na tarakimu tatu nyekundu
nikaandika:
Mtandao unapumua. Ngoja kidogo.

Sasa wako watatu mbele yangu.
Kirabira, raba nyeupe zisizowahi kuona tope.
Bi Asiimire, anayeandika bila kuniangalia.
Na mmoja ukutani, ndani ya skrini, kwao ni usiku,
anakula kitu kwenye bakuli.

"Kampala ina bodaboda ngapi?"
Zilizosajiliwa, nikauliza, au zilizopo?
Kirabira akacheka. "Hatutaki jibu.
Tunataka kuona unavyofikiri."
Nafikiri elfu sitini kuja, elfu sitini kurudi.
Nafikiri chapati ya saa kumi na moja alfajiri
imekwisha kazi yake.

"Chora mti, kisha uupindue."
Kwetu mti ukipinduka watu huuliza upepo ulitoka wapi.
Hapa mizizi iko juu, matawi chini, na hakuna anayeshangaa.
Kalamu ya ubaoni ilikuwa imekauka.
Niliomba nyingine, nayo ni kavu.
Nikaupindua mti kwa wino usioonekana,
tawi kwa tawi, nikieleza kwa sauti.
Yule wa ukutani aliganda, kijiko mdomoni.
Tukasubiri.
Aliporudi akasema, "Vizuri sana," na sijui alisifu nini.

"Udhaifu wako mkubwa ni upi?"
Herufi K, nilitaka kusema.
Nikasema, "Najituma kupita kiasi,"
uongo nilioazimwa na binamu
aliyeajiriwa kwa uongo huohuo.

Wiki tatu. Kisha barua, saa nane za usiku:
Ndugu Odoma, umetuvutia mno.
Tumeamua kuendelea na wengine.
Usikate tamaa.
Hata N yangu moja wamebaki nayo.

Mwezi wa nne nilikuwa sokoni Arua,
kwenye kibanda cha Candiru, nangoja kutoa pesa.
Mbele yangu mama mmoja wa kahawa, kitenge kimefungwa fundo.
Candiru ana programu mpya, ya zambarau, imeletwa na vijana wa Kampala.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasimama.
Akanigeuzia simu, akicheka:

Mtandao unapumua. Ngoja idogo.

"Idogo! Aliyeandika hajui Kiswahili.
Lakini anatujua."
Akamsomea mama yule kwa Kilugbara.
Mama akashusha mabega, akaketi juu ya gunia lake:
kama unapumua, basi haujafa.

Nilifungua mdomo nimweleze
kwamba Kiswahili nakijua,
kwamba ile K ilianguka Karuma, basi liliporuka tuta,
nikaitafuta chini ya viti vya watu hadi Pakwach.

Mtandao ukarudi.
Mama akahesabu noti zake mara mbili,
na aliye nyuma yangu akanisukuma: songa.