Maji ya Alhamisi

Huku Umoja maji huja Alhamisi, usiku wa manane.
Nasikia mitungi ikigongana ngazini,
nami nimelala na viatu miguuni, tangu juzi.

Si uvivu. Mkono wangu naujua,
lakini leo ni wa mtu mwingine,
na moyo unakimbia, haujaambiwa uende wapi.

Daktari wa Mathari alinipa jina lake: sonona.
Nikalikunja, nikalitia mfukoni pamoja na risiti.

Mlango. Ni Kwamboka wa chumba cha nne.
Haulizi. Hasemi nijikaze.
"Leta mtungi."

Nautafuta gizani.
Kifuniko sikioni. Basi.
Twapanda ngazi tumeushika wawili,
maji yakinimwagikia mguuni,
baridi,
na mguu ni wangu.