Hesabu ya Sikukuu

Saa moja asubuhi, kabla ya kengele ya pili,
dada Eunike alinitia mkononi kalamu
na kipande cha boksi la biskuti:
"Wewe huna wako wa kumvalisha.
Hesabu hawa. Asipotee mtu."

Nikahesabu kumi na saba
barazani, Barabara ya Kumi na Sita,
wamebanana kama chupa kwenye kreti,
poda imewafika masikioni,
na magauni saba ya kitambaa kimoja,
maana mjomba Sekiete alinunua jora zima Mgandini
na lililobaki
likawa pazia la sebuleni.

Bibi alikuwa anachambua mchele.
Hakuinua kichwa.
"Watoto hawahesabiwi, Lukresia. Mbuzi hao?"

Basi nikahesabu viatu.
Thelathini na vitatu.

Ya kanisani sisemi.
Mhina alimeza sadaka, mia mbili nzima,
mwenye kikapu akasubiri,
mama yake akasubiri,
na mpaka naandika haya bado inasubiriwa.

Tuliporudi, basi la Muheza lilikuwa limeshusha wengine:
shemeji na gunia la machungwa,
pacha wanaong'atana,
na wawili waliolala njiani wakaamka na hasira.
Ishirini na mmoja. Nikakata, nikaandika upya.

Saa sita umeme ukaondoka.
Feni ikajizungusha mara mbili kwa aibu, ikatulia,
na joto la Desemba likaingia bila hodi, likakaa.
Hapo ndipo nyumba ilipopiga kelele zake zenyewe.
Huyu analia kapigwa,
yule analia kwa kuwa anajua zamu yake inakuja,
Edina kajifungia chooni na birika,
Joakimu anauza machungwa dirishani, mawili kwa mia,
kwa wapita njia, na wateja anao.
Chungwa moja likapigwa teke,
likapaa,
likatua ndani ya sufuria ya pilau.
Shangazi Debora alilitazama.
Akafunika.
"Ndimu hiyo," akasema.

Saa nane tukatandika mikeka.
Sahani za plastiki ishirini na moja,
vichwa ishirini na viwili.
Kila mama alidhani ni wa mwenzake.
Shati lake limefungwa vifungo upogo,
mikono ameshanawa bila kuambiwa,
na kabla ya tonge la kwanza
midomo ikacheza: bismillahi.

"Wa nani huyu?" nikanong'ona.
"Wa sikukuu," Bibi akajibu,
akamsogezea paja la kuku kutoka sahani yake.
Kuku wenyewe alichinja mzee Mwinchande wa jirani,
kama kila mwaka,
ili mlangoni pasirudishwe mtu.

Jioni tukawaogesha kwa foleni, beseni moja,
hadi maji yakawa chai ya rangi.
Bi Mwanakombo akaita ng'ambo ya ua:
"Mbwana wangu yuko huko?"
Yuko, amekula, ameoga, amevaa fulana ya Joakimu.
Gizani akashikwa mkono, akaenda.

Nikahesabu kwa mwanga wa simu, miguu kwa miguu.
Ishirini.
Moyo ukanipiga.
Sauti ikavuka ua tena, haina wasiwasi:
"Mhina wenu kanifuata na Mbwana.
Kashalala. Mwacheni!"
Na ile mia mbili yake tumboni.

Nilikwenda kumwambia Bibi. Alikuwa macho.
Nikamwuliza la asubuhi, la kutohesabu.
"Mwaka wa surua," akasema,
"niliwahesabu wangu jioni moja, nikafurahi:
wametimia tisa."
Hakuongeza neno.
Nami nilikua nikijua baba yangu alizaliwa nao wanane,
na niliowaona ni sita.

Alipojigeuza,
kitu kikadondoka kutoka pindo la kanga yake:
kiatu chekundu, cha kushoto,
kidogo kama kiganja.
Akakiokota, akakirudisha pindoni,
akafumba macho.

Nikatoka nje na kile kipande cha boksi.
Nikafuta ishirini, nikafuta ishirini na mmoja,
nikaandika: wengi,
nikakichomeka jikoni, kwenye makaa ya mwisho,
kiivishe chai ya asubuhi.