Masharti ya Darubini Moja

Tunaanza saa moja na nusu. Siyo "karibu saa mbili".
Mshtarii haikungoji ushuke kwenye pikipiki,
ubishane na dereva juu ya faranga mia mbili,
upande ngazi ukihema.

Paa ni la saruji, halina ukingo upande wa ziwa.
Anayerudi nyuma ili aone vizuri
aangalie kwanza anarudi wapi.
Sharti hili niliandika baada ya Bauma.
(Mguu ulipona. Siku hizi anasoma sheria.)

Darubini ni moja, nanyi ni thelathini na wanne.
Pigeni hesabu: dakika tatu tatu,
na hapo mawingu hayajakata fungu lao.
Kioo hakiguswi kwa kidole,
hakipulizwi, hakifutwi kwa ncha ya kitenge.
Nilikipakata toka Kampala kama mtoto mwenye homa,
mipaka miwili, na kila wa forodha
alitaka kuchungulia kama kuna dhahabu ndani.

Njooni na kaye, kalamu ya wino, koti,
tochi iliyofungwa plastiki nyekundu.
Simu, zima. Mwanga wa simu moja
unaua macho ya darasa zima kwa robo saa.

Mfutio sitaki kuuona.
Ukikosea, piga mstari mmoja, andika tena pembeni;
kosa lenye tarehe ni mali ya maabara.
Mwaka jana Cibalonza alihesabu miezi mitatu ya Mshtarii.
Kitabu kinasema minne mikubwa. Jirani yake akaandika minne.
Yeye akabaki na mitatu yake, kichwa kigumu.
Nilikwenda kutazama kwenye majedwali:
wa nne, saa ile, ulikuwa nyuma ya sayari.
Kumi na nane juu ya ishirini.
Jirani, sifuri. Hanisalimii mpaka leo.

Zoezi la pili linasema: tafuta Nyota ya Kaskazini.
Waliolitunga wanaishi kwenye theluji.
Sisi tuko chini kidogo ya ikweta,
nyota hiyo kwetu haiamki kitandani,
na mahali ambapo ingesimama
Nyiragongo inapumua, nyekundu, usiku kucha.
Msiitafute. Msiitunge.
Andikeni "haionekani", na saa.
Ni jibu kamili, lina alama zake zote.
Majivu yakianguka, funika darubini kwanza,
kichwa chako baadaye.

Umeme ukikatika, nisisikie mtu anaguna.
Hapo ndipo nimefunguliwa mlango.
Mabanga inazimika, Katoyi, halafu Himbi na majumba yake,
na Kilimia, uliyeihesabu nyota nne kwa shida,
inakuwa sita, saba,
Kavugho mmoja akaniapia kumi.
Nikamwambia aandike kumi.

Kukosa bila sababu: alama mbili.
Sababu ninazokubali: malaria, msiba, risasi.
Kwa risasi silazimishi cheti.
Nazisikia mwenyewe.

Kasoki alikosa wiki tano, tangu kwao Sake pahame.
Alirudi na kaye iliyovimba kwa mvua:
mwezi, kila usiku ulipoonekana,
kupitia tundu la turubai,
saa imeandikwa, upana wa tundu umepimwa kwa kiganja,
na usiku mmoja, bila mchoro, maneno mawili tu:
"watoto wanalia".
Sijui sharti gani linahusu jambo hilo.
Nililisahihisha kwa kalamu ileile nyekundu,
nikaweka alama, nikakaa.

Tunafunga saa tatu, kabla njia hazijaharibika.
Najua nyota nzuri zinachomoza baadaye.
Za saa nane usiku hazimo kwenye mtihani;
zitazameni nyumbani, mlangoni,
aliye na mlango.

Weka sahihi hapa chini kwamba umesoma.
Kwa wino.